Kitanda Ambacho Mama Mkwe Hakupokea

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilifungiwa samaki kabla hujalisoma, nitakusimulia kwa kifupi. Usinihukumu kabla sijamaliza.

Jina langu ni Wekulo. Nililinda geti la kiwanda cha sabuni miaka thelathini na moja, nikastaafu, nikajifunza useremala peke yangu kwa kuvunja kitanda changu na kukirudisha. Kiliporudi kilikuwa na nguvu kuliko mwanzo, na misumari saba ilibaki. Nikaona hiyo ni faida.

Sasa nina kibanda Makina, hapa Kibera. Binti wa saiba ya jirani, lile duka la intaneti, Trizah, alinifungulia duka kwenye soko la mtandaoni. Akaliita Tabby Furniture. Nikamuuliza Tabby ni nani.

"Ni wewe, kuka," akasema. Huniita kuka, yaani babu kwa lugha ya kwetu. "Watu hawaogopi kumtumia mwanamke pesa."

Basi mimi ndiye Tabby. Mke wangu Mukai anajua nauza vitanda. Hajui kwamba nikiviuza huwa ni mwanamke.

Mwezi jana Tabby alipata oda nono. Mnunuzi yuko Doha, analipa kwa kadi, anataka kitanda cha nne kwa sita, miguu mirefu kwa sababu mama yake ana magoti mabaya. Kipelekwe Kawangware, kwenye steji ya 56. Nikakipanga kwenye mkokoteni wa Morris, tukasukuma kutoka Makina hadi 56 na jua likituangalia kama askari wa kanjo, wale wa jiji.

Geti likafunguliwa. Aliyetoka alikuwa mama mkwe wangu, ambaye kwake sijawahi kukanyaga. Kumbe mnunuzi ni Duncan, shemeji yangu, ndugu ya Mukai.

Nyinyi wa siku hizi mtacheka. Lakini kwetu Bungoma na kwao Mukai, Kitui, jambo hili ni moja. Mimi na mama mkwe hatushikani mkono, hatukai chumba kimoja, hatutajani jina. Na kitanda anacholalia sipaswi hata kukiona. Mimi nilikuwa nimekipiga randa.

Akajifunika leso usoni, akageukia ukuta. Nikajificha nyuma ya ubao wa kichwani, na nikashukuru Mungu kwamba niliupima mpana. Tukakiacha kitanda pale getini, nikakimbia mpaka steji. Sikuchukua namba ya mapokezi, ile mpokeaji humpa muuzaji. Sikupiga picha. Nyumbani nikafunga mdomo, maana aibu kama ile huoshwa kwa mbuzi na blanketi mbele ya wazee.

Siku kumi baadaye pesa ikaingia kwa simu yangu. Jumatano ya wiki iliyopita ikatoka. Ujumbe ukasema: mnunuzi hakupokea bidhaa, malipo yamerudishwa kwake.

Tuliachana hapo. Sasa sikiliza ya Alhamisi.

* * *

"Kuka, hii si mchezo," Trizah akaniambia, macho kwa kompyuta. "Duncan alilalamika kwa benki yake huko Doha. Benki ikanyakua pesa kutoka kwa soko, soko likanyakua kwako."

"Na vile vitanda vitatu nilivyouza juzi?"

"Pesa yake wameishikilia. Ukishindwa kujitetea, wanaikata hiyo, wanafunga duka, na kitambulisho chako hakifungui lingine tena. Mwisho ni kesho, Ijumaa, saa sita mchana."

Nilikaa juu ya debe la rangi. Bila Tabby, mimi ni mzee mwenye misumari. Pale kibandani, tangu Januari, waliokuja kwa miguu yao kununua ni watu wawili, na mmoja alikuwa anauliza choo kiko wapi.

"Wanataka nini?"

"Namba ya mapokezi."

"Sina."

"Basi picha ya kitanda ndani ya nyumba ya aliyepokea. Au yeye mwenyewe kwa video, akitaja jina lake, akisema amepokea." Akaweka vidole tayari. "Tuanze na fomu. Jina ya aliyepokea?"

"Andika mama."

"Mama nani?"

"Mama mkwe."

"Kuka, hiyo si jina."

"Ndilo jina pekee ninaloruhusiwa."

Akaacha kuandika. Trizah ni mtoto wa mtaa wa Raila, hapa Kibera, wazazi wake ni wa Kakamega, anaelewa haya mambo hata kama anajifanya haelewi.

"Wacha nikuelewe," akasema. "Ili upate pesa ya kitanda, lazima upige picha kitanda cha mama mkwe wako. Kwa chumba chake cha kulala."

"Soma tena. Huenda wana njia nyingine."

"Nimesoma mara nne."

"Na nikijitetea, Duncan ataona nini?"

"Ataona kila kitu. Jina lako, picha ya kitambulisho."

Hapo nikaona jinsi mlango ulivyofungwa pande zote. Nikinyamaza, nimekosa duka. Nikijitetea, Duncan atajua Tabby ni nani, Mukai atajua, Kitui nzima itajua kwamba Wekulo alimbebea mama mkwe kitanda mpaka mlangoni.

* * *

Jioni hiyo Mukai aliweka ugali mezani kama mtu anayepiga muhuri.

"Baba Nanyama, kuna mwizi hapa Kibera," akasema. Nanyama ni binti yetu wa pekee. "Mwanamke. Anaitwa Tabby."

Nikachovya tonge mara mbili.

"Duncan alimnunulia mama kitanda. Huyo Tabby amekula pesa na hakupeleka kitu. Jumapili Duncan alimpigia mama simu ya kuonana uso, akaona mama yuko kwa godoro, chini. Mwanamke wa miaka sabini, magoti yake unayajua."

"Mama mwenyewe alisema hakikufika?"

"Duncan alimwambia, mama nionyeshe kitanda. Mama akanyamaza. Sasa ungetaka aseme nini zaidi?"

Mimi nilikiacha kile kitanda getini kwa mikono yangu. Nilimwona akikiona, hata kama alikuwa amegeukia ukuta. Nikatafuna polepole.

"Duka linasema liko Makina," Mukai akaendelea. "Kesho naingia Makina, kibanda kwa kibanda. Nikimpata huyo Tabby, nywele zake nitazituma Doha kwa bahasha."

Nikajishika kichwa, pale kwenye upara.

"Usianze Makina," nikasema. "Makina ni kubwa. Anza kwa mama, umuulize vizuri kilichotokea. Nenda Jumamosi, kesho utachoka bure."

Akanisifu. Akasema ndiyo sababu alikubali kuolewa na mtu mzima. Nikaongezwa nyama, nikaila huku najiona mwizi kweli.

* * *

Ijumaa saa tano asubuhi nilikuwa 56 na Morris, mwenye mkokoteni. Mpango ulikuwa mwepesi. Mimi nibaki ng'ambo ya barabara, karibu na duka la mabati na misumari la Gichuru. Morris aende kwa mama, aombe kupiga picha moja ya kitanda, aseme ni ya kumbukumbu ya mkokoteni. Trizah alikuwa amenionyesha mara kumi: bonyeza hapa, halafu hapa, picha inamfikia, yeye anaipeleka kwa soko.

Morris akarudi, akanipa simu yangu ikiwa haina picha.

"Mzee, hakuna kitanda."

"Hakuna vipi?"

"Kuna godoro chini na kiti kimoja. Mama amesema hajaona kitanda tangu azaliwe."

"Tangu azaliwe?"

"Hivyo ndivyo amesema. Lakini sikiza." Morris ana miaka arobaini na tano, na miaka ishirini ya hiyo ameona nyumba za watu zikihama. Hakuonekana kushangaa. "Nilibisha, hakuna mtu. Mlango umefungwa kwa kufuli. Yeye alitokea nyuma yangu, akanifungulia. Alitoka huku, kwa Gichuru. Na miguuni alikuwa na ndara za kulalia."

Nikalitazama duka la Gichuru. Gichuru ni mgane niliyemjua kwa salamu tu, mtu wa Nyeri mwenye kofia na maneno machache. Siku hiyo hakuwepo, alikuwa ameenda mjini kuchukua mali. Nyuma ya duka kuna chumba, na mlango wa chumba una pazia.

Upepo ukalisukuma pazia.

Ubao wa kichwani ule ningeutambua hata nikiwa nimekufa. Niliupiga msasa siku mbili, na kwenye ubao wa chini yake nikachoma kobe mdogo kwa msumari wa moto, kama ninavyochoma kila kitanda changu. Kobe sikumwona kutoka pale, lakini niliona leso. Ilikuwa imetundikwa kwenye ubao, ile ile aliyojifunika nayo uso mbele yangu. Kando yake ilining'inia kofia.

Nikageuza uso haraka. Nilichelewa. Nilikuwa nimekiona kitanda cha mama mkwe, na kofia juu yake.

"Morris," sauti ikasema kutoka nyuma ya mabati yaliyosimamishwa pale dukani. "Mwambie huyo mtu arudi Kibera."

Ilikuwa sauti yake. Alikuwa amerudi bila mimi kumwona, yuko upande ule wa mabati, mimi upande huu. Tungeweza kushikana mikono kama si dunia.

Morris akanigeukia. "Anasema urudi Kibera."

"Mwambie siwezi. Mwambie Duncan amerudishiwa pesa, na saa sita nafungiwa duka."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia. Mwambie afungue lingine."

"Mwambie halifunguki. Kitambulisho ni kimoja."

"Mwambie na mgongo wangu ni mmoja."

Morris akajipangusa jasho. "Nyinyi mnasikizana poa sana. Mimi si nikunywe chai?"

"Kaa hapo," tukasema sote wawili. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mimi na mama mkwe kukubaliana jambo.

Kisha akaanza kusema, na kila sentensi ilianza na "mwambie", na Morris akaacha kurudia, akabaki amesimama katikati kama kigingi.

"Mwambie huu ni mwaka wa tatu. Mwambie Gichuru ndiye anayenichotea maji na kunisugua magoti na dawa. Kitanda kilipokuja, nilikipeleka pale ninapolala. Ningekipeleka wapi? Kile chumba kingine nakitunza kwa ajili ya simu ya Duncan. Kila Jumapili naenda kule, nakaa kwa godoro, ananiona, anafurahi kwamba mama yake ametulia peke yake."

Nikawaza mwanamke wa miaka sabini akifungua kufuli kila Jumapili ili akalalie sakafu mbele ya simu.

"Mwambie Duncan aliapa juu ya kaburi la baba yake. Akisikia nina mtu, hatanipigia tena. Si kodi ninayoogopa, kodi Gichuru anayo. Ni hiyo simu. Mwambie sina mtoto mwingine wa kiume."

"Mwambie," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imepungua, "mwambie nahitaji picha moja tu. Nitakata kofia isionekane."

"Mwambie picha ya chumba chenye mabati ya kuuza mlangoni, Duncan ataijua. Huwa ananunua misumari hapa akija likizo." Akagonga bati. "Na mwambie akituma hiyo picha, nami nitaita wazee kutoka Kitui, niwaambie ni mkwe yupi aliyenipigia kitanda randa, akakipima urefu, akanibebea."

Morris akanitazama kwa huruma. "Hiyo nayo unataka nikuambie?"

Saa ilikuwa tano na dakika arobaini. Nikakaa juu ya mfuko wa saruji. Yeye alinishika na mimi nilimshika. Wote wawili tulikuwa tumeshikana penye heshima, mahali pabaya zaidi pa kushikwa.

Simu ikalia. Mukai.

"Baba Nanyama, uko wapi?"

"Makina."

"Mbona nasikia mabati yakigongwa?"

"Makina ina mabati mengi."

"Sawa. Sikungoja Jumamosi, nina mkutano wa kanisa. Nimeshuka 56 sasa hivi. Halafu naona mkokoteni wa Morris hapo kwa Gichuru. Wacha nimuulize kama amewahi kumbebea huyo Tabby."

Nikainua macho. Kitambaa chake cha njano kilikuwa kinavuka barabara, hatua hamsini, mkoba kwapani, mwendo wa mtu mwenye shauri.

Nyuma yangu kuna ukuta. Kushoto kuna choo kilichofungwa. Kulia yuko Mukai. Morris alikwisha kuinama akajifanya anafunga gurudumu.

"Wekulo."

Miaka kumi na tisa ya ndoa yangu na Mukai, mama huyu hajawahi kutamka jina langu. Hata kwa msiba wa mume wake alisema "yule wa Bungoma".

"Wekulo, ingia ndani."

Hakumwambia Morris aniambie. Aliniambia mimi. Akavuta pazia kwa mkono wake, akageuka upande, na nikapita karibu naye kiasi cha kunusa dawa ya magoti.

Nikaingia chumba cha mama mkwe wangu. Nikazunguka kutafuta kabati, pipa, dirisha. Kulikuwa na kitanda tu. Nikafanya kile ambacho, nikikisimulia Bungoma, watanifukuza hata kaburini. Nililala chali sakafuni, nikajisukuma chini ya kitanda cha mama mkwe.

Niliingia bila kukwaruzwa. Miguu mirefu, kwa sababu ya magoti. Niliitengeneza mwenyewe.

"Mama, mbona uko huku?" Sauti ya Mukai.

"Namshikia Gichuru duka. Ameenda mjini."

"Na ndara za kulalia?"

"Miguu imevimba."

"Pole mama. Nipe maji, jua limenimaliza. Wacha nikae kidogo hapa ndani."

Pazia likavutwa. Nikaona viatu vyeusi vya Mukai, vile vya kanisa. Vikakaribia. Kisha mbao zikashuka juu ya pua yangu, zikalia kidogo, zikashika. Nitasema ukweli hata nikiwa katika aibu: kilikuwa kitanda imara.

"Huyu mzee ana kitanda kizuri," Mukai akasema, akakirukia kidogo, nami nikafumba macho. "Kipya. Na wewe mama unalala chini, kisa huyo Tabby. Nikimpata, mama. Nikimpata tu."

Ndara za mama mkwe zilisimama kando ya viatu vya Mukai. 

Simu ikatetemeka kifuani mwangu. Trizah ameandika: kuka, imebaki dakika kumi na mbili, picha iko wapi.

Naomba uelewe nilivyolala. Juu ya macho yangu, kwenye ubao, kobe wangu alikuwa ananitazama. Pembeni, ncha ya leso ya mama mkwe ilikuwa imening'inia. Chini yake, miguu yake mwenyewe, iliyovimba. Kitanda, alama ya fundi na aliyepokea, vyote katika picha moja, bila kofia, bila mabati, bila uso. Duncan angejua miguu ya mama yake. Angejua kitanda kipo na mama yupo kando yake, asijue zaidi.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nimekuwa mlinzi miaka thelathini na moja, nikajua jinsi mtu anavyojipa sababu kabla ya kuruka ukuta. Ukweli ni kwamba nilikumbuka vile vitanda vitatu, nikakumbuka kile kibanda kitupu, na yule mama aliyeniita jina ili kuniokoa nikamwacha asimame pale peke yake.

Nikainua simu polepole. Nikabonyeza pale Trizah aliponionyesha.

Jambo ambalo Trizah hakunionyesha ni jinsi ya kuzima ile taa.

Chumba kizima kikawaka kutoka chini ya kitanda, cheupe, kama umeme wa mvua umeingia kwa Gichuru. Kisha giza likarudi, na mimi na kobe wangu.

Viatu vyeusi vikapanda juu ya kitanda vyote viwili.

"Mama," Mukai akasema taratibu sana, "kuna nani huko chini?"

Nilimsikia mama mkwe akivuta pumzi. Alikuwa na majina matatu ya kuchagua. Angeweza kusema Gichuru, akajimaliza mwenyewe. Angeweza kusema Wekulo, akanimaliza mimi, na ndoa ya binti yake pamoja nami. Picha ilikuwa mkononi mwangu, kidole juu yake, imebaki kubonyezwa mara moja tu, na nadhani alijua nilichofanya.

Ndara zake zikasogea nyuma hatua moja, kumpa binti yake nafasi ya kushuka.

"Ni Tabby," akasema.